Kupima Maandishi ya Safari za Mlimani

Msomaji wangu, ukisimama asubuhi katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, kabla moshi wa majiko haujatanda juu ya mabati, utauona Mlima Elgon upande wa magharibi. Hauna ncha kali kama Mlima Kenya, wala kofia nyeupe kama Kilimanjaro. Umelala mpana na mtulivu, kama mzee aliyejinyosha baada ya kazi. Twauona kila siku, na kwa kuwa twauona kila siku, twadhani kwamba twaujua. Lakini kuona si kujua. Siku utakapotaka kuupanda, itakubidi usome kwanza habari zake. Na hapo utagundua ya kuwa maandishi juu ya mlima huu ni mengi, bali yanayostahili kuaminiwa ni machache.

Nimeiandika insha hii ili nikuonyeshe namna ya kuyatafuta maandishi mema juu ya safari za miguu, yawe ya kitabu, ya gazeti au ya tovuti, na namna ya kuyapima. Yafaa nikiri tangu mwanzo kwamba jambo hili sikufunzwa darasani. Chuo cha ualimu kilinifunza kupima shairi na hadithi. Kupima maandishi ya safari nilifunzwa na mvua.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanafunzi 18 wa kidato cha pili kwenda mlimani. Nilikuwa nimesoma katika ukurasa mmoja wa intaneti kwamba kilele cha Koitobos, chenye kimo cha mita 4,222, hufikiwa kwa mwendo wa saa tatu. Nikapiga hesabu ya mtu aliyeketi kitini: tukipita lango la Chorlim saa mbili asubuhi, saa tano tutakuwa kileleni, na kabla ya jua kutua tutakuwa nyumbani. Ukurasa ule haukusema uongo. Mwendo wa saa tatu ni kweli. Lakini huhesabiwa kutoka pale inapokoma barabara ya magari, juu sana mlimani, karibu kilomita 30 kutoka langoni. Gari tulilolikodi lilikwama katika matope kabla ya kufika nusu ya njia. Tukashuka, tukatembea. Saa tisa alasiri tulikuwa bado katika mianzi, mvua ikitupiga, na mvulana mmoja aliyevaa sweta ya shule tu akaanza kutetemeka, hata alipoitwa jina hakuweza kuitika. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alimvua nguo zilizolowa, akamvika koti lake mwenyewe, kisha akatuamuru turudi chini. Mvulana alipona. Mimi sikupata usingizi usiku ule.

Kosa lilikuwa langu. Nilisoma maneno "saa tatu" nisiulize: kutoka wapi? Mwandishi asiyesema mwanzo wa safari ni kama fundi aliyekuuzia ngazi isiyofika chini. Lakini msomaji anayeipanda ngazi hiyo bila kuitazama ana lawama yake pia.

Basi mizani ya kwanza ya maandishi ya safari ni maswali matatu mepesi: kutoka wapi, lini, na nani? Kutoka wapi, nimekwisha kukueleza. Lini, maana mlima hauhami, bali njia na hali za watu hubadilika. Ukurasa ulioandikwa mwaka 2005 haukujua kwamba tangu mwaka 2006 hata 2008 upande wa Elgon ulio katika Bungoma ungepatwa na vita vilivyowahamisha maelfu ya watu. Ukurasa ulioandikwa katika miaka ile ya vita nao haukujua kwamba amani ingerudi. Kila mmoja ulisema kweli ya siku yake. Ukurasa usio na tarehe hausemi kweli ya siku yoyote. Na nani, maana mwendo wa saa tatu wa kijana aliyezoea milima si mwendo wa mwanafunzi aliyebeba mkoba, tena aliyevaa viatu vya kuazima.

Hapa pana mtego mmoja unaotuhusu sisi tusemao Kiswahili. Kurasa nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na watafsiri wake husahau kugeuza saa. Ukisoma kwamba lango hufunguliwa saa 6 asubuhi, jua kwamba mtafsiri alisinzia, kwani saa 6 yetu ni adhuhuri; alitaka kusema saa 12 asubuhi. Hali kadhalika, vitabu vya zamani hupima vimo kwa futi na maili. Kilele cha Wagagai, kilicho juu kuliko vyote vya Elgon, upande wa Uganda, kina mita 4,321, yaani zaidi ya futi 14,000. Asiyeangalia kipimo atadhani kwamba vitabu viwili vyasema milima miwili.

Mizani ya pili ni hii: je, mwandishi atenga alichokiona na alichokidhani? Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika Elgon, akaona mapango makubwa ambamo watu waliishi pamoja na mifugo yao. Alieleza vizuri alichokiona, katika kitabu chake Through Masai Land kilichotoka mwaka 1885. Lakini alipotaka kueleza asili ya mapango hayo, alidhani kwamba yalichimbwa na watu wa kale wenye maarifa, akawataja hata Wamisri. Ilipita karibu miaka mia moja kabla ya wataalamu kukaa gizani katika pango la Kitum na kutazama kwa makini. Wakaona ndovu wakiingia usiku kwa foleni, wakipapasa njia kwa mikonga, wakiuchimba mwamba kwa pembe zao na kuutafuna kwa ajili ya chumvi iliyomo. Pango lile laingia ndani ya mlima karibu mita 200, na pembe za vizazi vingi vya ndovu zimesaidia kulipanua. Watu nao walichimba chumvi mle kwa ajili ya ng'ombe wao. Thomson hakuwa mwongo. Kosa lake ni kwamba dhana yake aliitia nguvu sawa na ushahidi wa macho yake, akatafuta mbali jibu lililokuwa karibu, katika nyayo za mlangoni.

Pango hilohilo lilipata mwandishi mwingine. Mwaka 1994 Mmarekani Richard Preston alitoa kitabu The Hot Zone, na humo alisimulia habari za watu wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliougua homa ya Marburg baada ya kuingia Kitum. Habari hizo zina msingi wa kweli, na zatupa onyo la haki: virusi hivyo hukaa kwa popo wala matunda, na haifai mtu kuingia ovyo katika mapango wanamolala. Lakini kitabu chenyewe kimeandikwa kama hadithi ya kutisha. Mwandishi aeleza hata yaliyopita katika fahamu za mgonjwa aliyekufa, mambo ambayo hakuna awezaye kuyashuhudia. Wasomaji wengi wa mbali hawajui lolote juu ya Elgon ila pango hilo na ugonjwa huo. Mlima mzima wenye misitu, mito na watu umegeuzwa kuwa tundu moja la hofu. Chukua onyo lake, msomaji, lakini usichukue mlima wake.

Mizani ya tatu: je, mwandishi awataja waliombebea mizigo? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tarehe 13 Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele kikuu cha Mlima Kenya, pamoja na waongozaji wawili wa milima ya Ulaya, César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo matatu yamo katika kila kitabu. Lakini msafara wao ulikuwa na watu wapatao 170: Wazungu sita, na waliosalia ni Waswahili, Wakikuyu na Wamasai. Waliosalia hao ndio waliobeba hema, kamba na chakula. Majina yao utayatafuta sana. Tena ilikuwa safari ngumu, maana chakula kilipungua na watu waliuawa njiani. Nisemapo hivi simwondolei Mackinder ushujaa wake. Mwamba wa Batian haupandwi na mwoga. Nasema tu kwamba maandishi yanayotaja watatu na kuficha mia na zaidi yana upungufu, kama hesabu iliyofutwa tarakimu. Na upungufu huo haujatoka duniani. Hata leo utasoma habari ndefu za mgeni aliyeshinda Elgon au Kilimanjaro, na mtu aliyempikia uji saa tisa za usiku hatajwi hata kwa jina moja.

Mizani ya nne ni ya lugha. Chukua sentensi mbili ambazo nimezitunga kwa mfano. Ya kwanza: "Elgon ni mlima wa ajabu wenye mandhari isiyo na kifani." Ya pili: "Ukitoka katika mianzi utavuka kijito, jaza chupa yako hapo, kwani mbele ni pakavu." Ya kwanza yaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaona mlima wowote, tena yafaa kwa mlima wowote. Ya pili haiwezi kuandikwa ila na aliyepata kiu. Sifa zikizidi katika ukurasa wa safari, shika mfuko wako, maana aghalabu mtu anakuuzia kitu.

Katika vitabu vyote vya milima yetu nilivyovisoma, kipo kimoja kipitacho mizani karibu zote. Ni kile cha Mwitalia Felice Benuzzi, kiitwacho kwa Kiingereza No Picnic on Mount Kenya, kilichotoka katika lugha hiyo mwaka 1952. Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki. Mwezi Januari mwaka 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka, si kwa kukimbilia uhuru, bali kwa kuupanda mlima waliouona kila siku juu ya seng'enge. Hawakuwa na ramani, ila picha ya mlima iliyokuwa juu ya karatasi ya mkebe wa nyama. Walijitengenezea zana kwa vyuma walivyookota kambini. Batian iliwashinda, walifika Lenana, chenye mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi na kujisalimisha kambini. Ubora wa kitabu hiki si utoro wao. Ubora wake ni kwamba mwandishi aeleza njaa kwa kuhesabu biskuti, akiri kwamba walishindwa, na ataja sababu za kushindwa. Nikisoma sura ya kushindwa kwao nafunzwa mengi kuliko katika kurasa kumi za wengine za kushinda. Upungufu wake ni kwamba mwandishi aliutazama mlima akiwa mgeni tena mfungwa, na watu wa nchi hawaonekani humo ila kwa mbali.

Sasa utauliza, "Mwalimu, maandishi mema nitayapata wapi?" Sikiliza. Anza na wale wanaotembea wenyewe. Klabu ya Milima ya Kenya iliundwa mwaka 1949, na waliowatangulia walikwisha kutoa jarida lililoitwa Ice Cap mwaka 1932. Mwaka 1989 klabu hiyo ilitoa kitabu cha Paul Clarke, Mountains of Kenya, kinachoeleza njia za kutembea katika milima mingi ya nchi. Kitabu cha namna hii ukisome kwa busara: uliamini umbo la mlima lililo ndani yake, lakini barabara zake uziulizie upya. Kwa wanyama na misitu, litafute gazeti la Swara, ambalo Jumuiya ya Wanyamapori ya Afrika Mashariki ilianza kulitoa mwaka 1978. Hilo huandikwa na watu waliokaa porini muda mrefu, na wengi wao hutaja wazi wasilolijua. Tovuti za serikali zinazosimamia hifadhi, ya Kenya na ya Uganda, ni nzuri kwa ada, malango na masharti. Kwa habari ya ugumu wa njia usizitegemee peke yake, maana kazi yake ni kukaribisha wageni, na mwenye karamu hasemi kwamba nyama ni ngumu.

Kutoka mbali, yako majarida mawili ambayo kumbukumbu zake husomwa bure katika intaneti: Alpine Journal la London, lililoanza mwaka 1863, na American Alpine Journal la Marekani, lililoanza mwaka 1929. Walakini la kufaa zaidi kwako ni chapisho jingine la hao Wamarekani, ambalo tangu mwaka 1948 huandika kila mwaka habari za ajali tu: nani alianguka, kwa nini, na lingeepukwa vipi. Laiti ukurasa kama huo ungekuwako juu ya Elgon, nisingewapeleka wanafunzi 18 katika mvua na sweta za shule.

Na unapotafuta, tafuta kwa majina yote. Mlima huu huitwa Elgon, jina litokanalo na Wakony. Lakini Wabukusu wa Bungoma na jamaa zao wa Uganda huuita Masaba. Anayeuliza kwa jina moja hupata nusu ya majibu. Kisha maandishi mawili yakihitilafiana usiyatupe; yapeleke kwa aliyezaliwa kando ya njia, umwamkie kwa adabu, umwulize. Kuuliza si ujinga.

Umekwisha kuona, msomaji, kwamba karibu vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Penye miti hapana wajenzi. Tuna mlima mlangoni, nasi twasoma habari zake kwa kinywa cha mgeni. Wala haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari walizozitunga Waswahili wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande asimulia safari yake ya bara; Selim bin Abakari asimulia safari iliyomfikisha Urusi na Siberia. Yafaa tukumbuke kwamba habari hizo zilikusanywa na Mjerumani wakati wa utawala wa Wajerumani, na kwamba msimulizi huchagua maneno kulingana na anayemsikiliza. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia iliyopita Kiswahili kilitosha kueleza mwendo wa siku, njaa, maji na tabia za watu, kutoka pwani mpaka nchi ya barafu. Asemaye leo kwamba lugha hii haifai kwa jambo hili, hakusoma.

Kwa hiyo nakupa kazi. Usianze na Koitobos. Anza na mahali padogo. Nyuma ya makumbusho ya Kitale ipo njia ya miguu katika kipande cha msitu wa asili. Kando ya barabara iendayo Kapenguria ipo hifadhi ya kinamasi cha Saiwa, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 2.9 tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Humo huingii ila kwa miguu, na ukitulia utamwona nzohe, swala wa majini. Kwanza soma lililoandikwa juu ya mahali hapo. Kisha tembea, ukiwa na daftari na saa. Kisha andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ulianza wapi, tarehe ngapi, mlikuwa nani, maji yako wapi, mlikosea wapi, nani aliwasaidia na jina lake ni nani, kama ameridhia kutajwa. Mwisho mpe mwenzako ukurasa huo aufuate peke yake mchana kweupe, wewe ukimngoja mwishoni mwa njia. Akifika, umeandika vema. Akipotea, usimcheke, rudi ukauandike upya.

Nami nimefanya vivyo hivyo. Ukurasa wangu juu ya Koitobos umebandikwa katika ubao wa maktaba ya shule, nao waanza kwa maneno haya: "Kutoka langoni mpaka inapokoma barabara ni karibu kilomita 30. Sisi hatukufika. Chukua koti." Chini yake limeandikwa jina la askari yule aliyelivua lake. Yule mvulana aliyetetemeka ndiye aliyeusoma kwanza, akanirudishia kwa kalamu nyekundu mkononi. "Mwalimu," akasema, "umesahau kuandika tarehe." Nikaiandika.